Saa nane usiku na kipande cha ugali

Saa nane usiku, bibi wa miaka 74 anaamka. Anawasha tochi ya simu, anakwenda jikoni akiushika ukuta, anafunua sufuria na kumega ugali uliolala. Anautafuna mkavu, bila mboga, taratibu kama mtu aliye zamu. Kisha anameza kidonge kimoja cheupe kwa maji, anarudi kitandani, na usingizi haurudi tena mpaka adhana ya alfajiri.

Alifanya hivyo kwa wiki tatu kabla mjukuu aliyekuja likizo hajamfuma.

Mjukuu alidhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Bibi akafungua kifuko chake, akamtolea bahasha ya kaki. Juu yake, kwa kalamu ya bluu, palikuwa pameandikwa: Metformini 500 mg, 1x2, 8–8, baada ya kula.

Nane mchana. Nane usiku. Baada ya kula.

Hakukosea hata neno moja.

## Mgonjwa mtiifu kuliko wote

Kisa hicho kimenizunguka kichwani mwezi mzima sasa, wala si kwa sababu ya saa.

Aliyeandika 8–8 alikuwa na saa ya ukutani kichwani: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Vijana tumezoea kutazama 20:00 kwenye simu huku mdomo ukisema saa mbili. Hesabu ya sita tunaifanya bila kujua kwamba tunaifanya. Bibi aliyejifunza saa kwa jua na kwa adhana hana haja ya hesabu hiyo. Kwake nane ni nane.

Bahati yake, dawa yenyewe ilikuwa metformini, dawa ya sukari. Hii hailazimishi kongosho kumwaga insulini, kwa hiyo ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Na nane hadi nane bado ni saa 12. Alichopoteza bibi ni usingizi, na heshima kidogo pale alipolalamika uchovu akaambiwa ni uzee.

Sasa weka glibenklamaidi, dawa nyingine ya sukari, kwenye bahasha ileile. Kidonge cha 5 mg usiku wa manane juu ya tonge moja la ugali kinaweza kuishusha sukari alfajiri, mzee akiwa amelala na hakuna anayemwona akitokwa jasho. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeandika wazi kwamba glibenklamaidi haifai kwa waliozidi miaka 60, kwa sababu hiyohiyo ya kushusha sukari na kukaa mwilini muda mrefu. Bado unaikuta kwenye vifuko vya wazee.

Basi wanaoishi na mzee mwenye dawa ya namna hiyo, au anayechoma insulini, wazijue dalili hizi: kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla, maneno kupotea, ukali usio wa kawaida yake. Kipimo kikisoma chini ya 4 (mmol/L), au kama hakuna kipimo lakini dalili zipo, koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji anywe, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15. Bado? Rudia. Akipata nafuu ale chakula kamili, na kama ni glibenklamaidi apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, maana sukari inaweza kushuka tena baadaye. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni.

Mwanzoni nilidhani suluhisho ni dogo: watoa dawa waandike "saa 2 asubuhi, saa 2 usiku", tumemaliza. Ndiyo, waandike. Lakini ukianza kuzisoma bahasha kwa macho ya mzee unagundua kwamba saa ndilo kosa linaloonekana tu. Mengine yamejificha ndani ya maneno ambayo sote tunaamini tunayaelewa.

## Dozi

Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote.

Neno dozi tumefundishwa na malaria. Mseto wa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kila mara, mara sita, siku tatu. Tukahimizwa kwa mabango na redio: maliza dozi. Ukimaliza dozi umepona. Hakuna somo la afya lililoingia vizuri vichwani mwetu kama hilo.

Kisha mzee huyohuyo anapewa vidonge 30 vya amlodipini, dawa ya presha, na kuambiwa, "Hii dozi yako ya mwezi."

Anaimaliza. Tena kwa uaminifu, kidonge cha mwisho siku ya 30. Halafu anakaa miezi miwili bila dawa, na ukimuuliza anakujibu kwa fahari: "Dozi nilimaliza, mwanangu."

Amlodipini yenyewe inamsaidia kujidanganya. Hutoka mwilini polepole mno. Huchukua saa 30 hadi 50 ili nusu yake tu iondoke. Mtu akiiacha Jumatatu, Jumatano anaweza kupima presha akaikuta nzuri. Ataapa kwamba kidonge hakikuwa na kazi. Presha inarudi baadaye, bila kupiga hodi, kwa sababu 160/100 kwa watu wengi haiumi popote. Atenololi, dawa nyingine ya presha, ni kinyume chake: ikikatishwa ghafla moyo unaweza kwenda mbio, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kubanwa kifua. Hiyo haiachwi siku moja. Daktari huipunguza kidogokidogo.

Kwa hiyo neno dozi liondolewe kabisa kwenye mazungumzo ya presha na sukari. Wengine hufananisha dawa na chumvi ya kila siku kwenye mboga. Mfano mbovu kwa mtu tuliyemkataza chumvi. Kibatari kinafaa zaidi: mwanga upo mafuta yakiwepo. Kidonge cha leo ni mafuta ya leo. Mzee aliyekulia kwenye nyumba ya kibatari hahitaji maelezo zaidi ya hapo.

## Kutwa

"Kidonge kimoja kutwa mara mbili."

Tunaandika kutwa tukimaanisha saa 24. Ila kutwa ni kwa jua kutua. Usiku una kucha yake. Mzee anayeisikia lugha yake vizuri (vizuri kuliko sisi) anavipanga vidonge vyote kabla ya magharibi: kimoja saa moja asubuhi, cha pili saa kumi jioni. Kati ya hivyo ni saa tisa, kisha usiku wa saa 15 mtupu. Kwa kidonge cha mara moja kwa siku haidhuru. Kwa nifedipini ya presha, ile ya kuyeyuka polepole, iliyotengenezwa kushika saa 12, alfajiri inamkuta hana kinga.

Afadhali kuandika "asubuhi" na "usiku", na kuvifunga vidonge kwenye jambo ambalo halisahauliki. Kwa anayeswali, baada ya Alfajiri na baada ya Isha. Kwa mwingine, chai ya asubuhi na taarifa ya habari ya saa mbili usiku, au pale anapowafungia kuku banda. Asiyesoma achorewe jua na mwezi kwa kalamu nene ya wino mweusi. Rangi za bahasha zisitegemewe: mwenye mtoto wa jicho, chini ya taa hafifu, hatofautishi njano na nyeupe.

Na hapa kuna kichekesho. Ipo dawa ambayo kidonge chake cha pili ni halali yake saa nane, saa nane ya mchana. Furosemidi, dawa ya kutoa maji, ikiandikwa mara mbili kwa siku humezwa asubuhi na mchana mapema. Mzee akiipeleka usiku "ili ziachane sawa", atakwenda chooni mara nne gizani, na mojawapo ya safari hizo inaweza kuishia kwenye nyonga iliyovunjika.

## Baada ya kula

Maneno haya huandikwa kwenye karibu kila bahasha, kwa mazoea, kama vile kuweka muhuri.

Amlodipini haijali umekula au hujala. Losartani, nayo ya presha, haijali. Hidroklorothiazidi, ya presha ya kutoa maji, haijali. Lakini mzee aliyeandikiwa "baada ya kula" kwenye zote, siku ambayo hakuna kilichopikwa mpaka jioni, hamezi kitu. Ukimlaumu kwa uzembe umemwonea. Bahasha ndiyo iliyomkataza.

Metformini ndiyo inayotaka chakula, na sababu yake ni tumbo: bila chakula huleta kichefuchefu na kuharisha, hasa wiki za mwanzo. Chakula chenyewe si lazima kiwe sahani iliyojaa. Kikombe cha uji kinatosha, au chai na kipande cha kiazi. Glibenklamaidi na insulini ya mchanganyiko ndizo za kushikilia msimamo: kama chakula hakina uhakika, usimeze, usichome kwanza, piga simu kituoni uulize. Kwa anayefunga Ramadhani mpango wote hubadilika, futari na daku zinachukua nafasi ya asubuhi na usiku na vipimo vyenyewe huweza kupunguzwa. Mazungumzo hayo yafanywe na daktari kabla mwezi haujaandama, si siku ya tatu ya mfungo mzee akiwa ameshaanguka.

Halafu kuna siku ya kliniki.

Mzee ameambiwa aje hajala, apimwe sukari. Kwake "usile" na "baada ya kula" ni maagizo mawili yanayoshikana mkono: hajala, basi hamezi. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anabanana kwenye daladala, anapanda ngazi, anakaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Presha inapimwa: 172/100. Daktari anatazama kadi, anaona dawa mbili, anaongeza ya tatu.

Kesho yake nyumbani mzee anameza zote tatu. Anainuka kitandani, anaona kizunguzungu.

Kinga ya hili ni sentensi moja, isemwe siku ya kupanga kliniki: "Za presha meza alfajiri kwa maji matupu, za sukari njoo nazo mkononi pamoja na andazi lako, utazimeza ukishatolewa damu." Na anayepima presha aulize kabla ya kufunga mkanda mkononi: leo umemeza? Saa ngapi?

## Mimina mfuko

Kuna watu wanaomsaidia mzee kwa kusoma kadi ya kliniki. Kadi inaonyesha alichoandikiwa. Anachomeza kiko kwenye kifuko cha nailoni chini ya mto.

Mwombe akilete, kisha kimimineni pamoja juu ya mkeka, mchana, penye mwanga. Vyote: vya hospitali, vya dukani, vya mtoto aliye ughaibuni, chupa ya dawa ya kienyeji, vya jirani aliyefariki. Usikunje uso. Ukikunja uso mara moja, vingine vitabaki chini ya mto.

Shika kimoja kimoja na uulize mambo mawili: hiki ni cha nini, na jana ulikimezaje? Jana, si "huwa". Huwa inajibiwa kwa adabu. Jana inajibiwa kwa kumbukumbu.

Utakayoyakuta yana mazoea yake. Karatasi ya vidonge imekatwa kwa mkasi, na nusu iliyobaki haina jina wala tarehe ya kuisha, kwa kuwa tarehe hugongwa mara moja tu pembeni. Losartani nyeupe na losartani ya kijani, za viwanda viwili tofauti, mzee anameza zote akijua ni dawa mbili. Losartani iliyounganishwa na hidroklorothiazidi, na pembeni yake hidroklorothiazidi peke yake. Kidonge cha kuyeyuka polepole kilichokatwa katikati kwa kisu ili kidumu mwezi mzima, au kwa sababu babu naye ana presha na wanagawana.

Hesabu pia. Alipewa metformini 60 tarehe 3. Leo ni tarehe 3 ya mwezi uliofuata na zimebaki 34. Amemeza 26. Kabla ya kusema lolote, jiulize namba hiyo inafanana na nini. 26 kati ya 60 si usahaulifu wa hapa na pale. Ni karibu kimoja kwa siku, na huenda cha usiku hakipati chakula cha kukisindikiza.

Kuna mnyororo mmoja ambao nausimulia kila ninapopata nafasi, kwa kuwa ukiujua utauona mahali pengi. Amlodipini, hasa ya 10 mg, huvimbisha vifundo vya miguu. Mzee anakwenda kituo kingine na miguu iliyovimba, anapewa furosemidi. Uvimbe wa aina hii haukuletwa na maji mengi mwilini, kwa hiyo haupungui sana, lakini mkojo unaongezeka na misuli inaanza kubana. Kwa misuli anapewa dawa ya maumivu. Dawa ya maumivu inapandisha presha. Presha ikipanda, amlodipini inaongezwa. Hakuna aliyekosea sana mahali popote kwenye mnyororo huo, isipokuwa kila mmoja alipokea kiungo chake bila kuuliza cha kabla yake. Kikohozi kikavu kinacholetwa na enalaprili au kaptoprili, nazo dawa za presha, hufanya vivyo hivyo: mzee anamaliza chupa tatu za dawa ya kikohozi.

Ukiuona, usikate dawa mwenyewe. Andika kwenye karatasi: dawa ipi ilianza lini, tatizo lilianza lini. Tarehe mbili hizo zikiwa pamoja mezani, daktari yeyote atazisoma.

## Kidonge kinachopendwa

Katika kila mfuko kipo kimoja ambacho mzee anakijua jina, bei na duka. Mara nyingi ni daiklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti.

Anakipenda kwa haki. Amemeza losartani mwaka mzima na hajaisikia ikifanya lolote. Daiklofenaki anaimeza saa tatu, saa nne anainuka na kwenda sokoni. Ukimwambia aache hiyo na aendelee na ile nyingine, unamwomba aamini kisichoonekana na aache kinachoonekana.

Bado ni lazima aambiwe. Daiklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, huchubua tumbo, na zikikutana na losartani pamoja na dawa ya kutoa maji hubana figo kutoka pande tatu. Tatizo ni kuambiwa "acha" bila kupewa kingine. Parasetamoli ya 500 mg, vidonge 2 kwa mara moja, visizidi 6 kwa siku kwa mzee aliyedhoofu. Maji ya moto kwenye goti. Dawa ya kupaka. Fimbo nzuri ya kutembelea. Haifiki nguvu ya daiklofenaki, na ni afadhali kulikiri hilo mbele yake kuliko kumdanganya, maana goti litamwambia ukweli jioni hiyohiyo.

## Umeelewa?

Hapa ndipo nilipobadili mawazo.

Nilikuwa naamini tatizo ni mwandiko, vifupisho, msongamano wa foleni. Yote ni kweli. Lakini bibi wa ugali aliulizwa dirishani, "Bibi, umeelewa?" Akajibu, "Ndiyo mwanangu, nimeelewa, Mungu akubariki." Kulikuwa na watu nyuma yake. Aliyemuuliza ni kijana wa rika la mjukuu wake, amemwamkia shikamoo, amemhudumia kwa upole. Ulitaka amjibu nini? Kusema sijaelewa ni kama kumwambia yule kijana hajui kazi yake.

"Nimeelewa" ile ilikuwa shukrani. Tuliipokea kama jibu.

Swali linalofaa hubeba lawama upande wa anayeuliza: "Bibi, leo nimeongea haraka sana. Hebu niambie, mjukuu akikuuliza nyumbani hiki unakimeza saa ngapi, utamwambiaje?" Angesema nane usiku palepale, na bahasha ingeandikwa upya kabla hajatoka kwenye geti. Inachukua dakika moja au mbili kwa kila dawa. Foleni ikiwa ndefu, ifanywe kwa dawa mpya tu na kwa ile iliyobadilishwa kipimo.

Kisha swali la mwisho, ambalo mzee hamuulizi mtu: nikisahau je? Kwa nyingi za mara moja kwa siku jibu ni fupi: ukikumbuka siku hiyohiyo, meza, ukikumbuka kesho yake, endelea na cha kesho. Usimeze viwili kulipia deni.

Kuna wasiwasi mmoja ambao sijaumaliza. Familia ikishaelewa haya yote, hugeuka polisi. Binti anapiga simu kutoka mjini kila jioni: umemeza? Mzee anasema ndiyo, kama alivyosema dirishani, na tumerudi palepale tulipoanzia.

## Bahasha mpya

Mjukuu alirudi kituoni na bibi siku ya pili. Bahasha mpya iliandikwa kwa kalamu nene, herufi kubwa:

DAWA YA SUKARI. KIDONGE 1 NA CHAI YA ASUBUHI. KIDONGE 1 UKISHAKULA USIKU, WAKATI WA TAARIFA YA HABARI.

Pembeni pamechorwa jua na mwezi. Mtoa dawa akamwomba aeleze kwa maneno yake. Bibi akaeleza vizuri sana, kisha akaishika ile bahasha, akaitazama kidogo.

"Na siku umeme ukikatika?"